Viraka Vilivyopendeza Mno

Katika hospitali ile kuu, ambako hata mabenchi yalikuwa na vyeo, ofisi ya ustawi wa jamii ilikuwa chumba kilichowahi kuhifadhi mifagio na ndoo. Siku moja wakubwa waliona mifagio inaingia ukungu kwa kukosa hewa, wakaihamishia chumba chenye dirisha. Aliyebaki mle bila dirisha ni mwanamke mmoja wa makamo ambaye wagonjwa walimwita Dada Msamaha, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kuwatafutia msamaha wa gharama watu wasio na bima ya afya.

Msamaha wenyewe, tuseme ukweli, hakuwa nao. Msamaha ulikaa ghorofani, mikononi mwa Kamati Tukufu iliyokutana kila Alhamisi baada ya chai. Wajumbe walikuwa watatu. Kulikuwa na Katibu wa hospitali, ambaye hakuweza hata kuomba sukari bila kutanguliza neno "kimsingi". Kulikuwa na Mhasibu, aliyemtazama kila mgonjwa kama mwalimu wa zamu anavyomtazama mwanafunzi aliyeshikwa na tumbo asubuhi ya mtihani. Na kulikuwa na Metroni, mkuu wa wauguzi wote, mwenye huruma ya kweli ila aliitumia kwa kubania, kama kipande cha sabuni cha mwisho wa muhula.

Kazi yao ilikuwa kumtenga maskini wa haki na maskini wa kuigiza. Kwenda majumbani mwa watu hawakuwa na nafasi, kwa hiyo walitumia macho. Saa mkononi: huyu ana uwezo. Simu ya kioo kikubwa: ana uwezo. Shati lililopigwa pasi: ana uwezo, tena anauficha. Waliwahi kumnyima mjane mmoja kwa sababu alikuwa mnene. Katibu alieleza kwamba kimsingi unene hauokotwi njiani.

Ndipo Dada Msamaha, ambaye alianza kazi akiwa mnyoofu kama rula, akafungua darasa. Kila Jumatano alifunga mlango wa chumba chake na kuwafundisha maskini namna ya kuonekana maskini. Saa ivuliwe. Simu apewe jirani. Mafuta ya kujipaka yasubiri mpaka Ijumaa. Somo lililowashinda wengi lilikuwa salamu. Katibu alikuwa na mazoea ya kumuuliza mgonjwa, "Habari za nyumbani?" Sasa mtu aliyelelewa akaleleka atajibu nini? Atajibu "nzuri". Hata paa likiwa linawaka atajibu nzuri kwanza, ndipo aombe ndoo ya maji. Naye Mhasibu, akisikia "nzuri", kalamu yake ilikuwa imeshafika kwenye karatasi.

Jumatano moja akaingia Fundi, ameegemea bega la mkewe.

Fundi alikuwa mshonaji wa siku nyingi, mzee mwembamba mwenye kisukari na kidonda kwenye mguu wa kushoto kilichokataa kupona. Daktari wa upasuaji alikuwa amesema waziwazi: mshipa umeziba, ukizibuliwa upesi, mguu utabaki, ukichelewa, utakatwa. Na mguu kwa Fundi haukuwa wa kutembelea tu. Cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Bila mguu, ile ingekuwa meza yenye sindano.

Bima alikuwa nayo zamani. Ilikwisha muda wake msimu uleule mwenye nyumba alipopandisha kodi, na kati ya wadai wawili mtu humsikiliza anayegonga mlango. Dada Msamaha alikuwa ameshafika kwao. Alikiona chumba kimoja chenye pazia katikati, cherehani moja badala ya mbili, maana ya pili ilishaliwa na dawa na bandeji, na ukutani magauni na makoti ya watu wengine yakining'inia kama wageni waliokataa kukaa. Aliondoka akiwa na hakika kwamba huyu ni maskini asiyehitaji kufundishwa.

Hakika hiyo ilidumu mpaka alipomwona mlangoni, kwa kuwa Fundi alikuwa amevaa suti.

Suti ya rangi ya majivu! Aliishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa vya wateja, mgongo kutoka harusi moja na mikono kutoka harusi nyingine, na rangi zote zikasikilizana. Mkunjo wa suruali ulinyooka kiasi cha kukata mkate.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu," alijibu Fundi, akakaa kwa adabu kwenye ukingo wa kiti.

"Marahaba," alijibu mkewe. Mtaani walimwita Bi Mkasi. Cherehani hakuigusa hata siku moja. Jina hilo alilipata kwa ulimi wake. "Hapa ndipo wanapogawa huruma? Mbona pananuka ndoo?"

"Ndipo, mama. Mzee, suti hii kesho ibaki nyumbani."

Fundi alishtuka kama aliyeambiwa aache kichwa nyumbani. "Nikasimame mbele ya wakubwa bila suti? Mwanangu, watasema sikuwaheshimu."

"Vaa nguo ya kazini."

"Ndiyo hiyo," alisema Bi Mkasi. "Huyu hushona akiwa na tai shingoni. Eti mteja haamini fundi mwenye vifungo pungufu."

"Basi vaa iliyochanika."

Bi Mkasi alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwetu? Mwanangu, huyu uzi ukifumuka kwenye leso hapati usingizi. Kitu pekee kilichopasuka kwetu kisishonwe ni mdomo wangu, na si kwamba hajajaribu."

Dada Msamaha alijizuia kucheka akaingia kwenye salamu. "Tufanye mazoezi. Mimi ni Katibu. Mzee, habari za nyumbani?"

"Nzuri, tunamshukuru Mu—"

"Hapana."

"Samahani. Rudia."

"Habari za nyumbani?"

"Nzuri kiasi."

"Mzee!"

"Sasa nifanyeje? Mtu amekuuliza vizuri, wewe umtupie matatizo yako usoni?"

"Kesho mtupie. Sema mbaya."

Fundi akafumba macho. "Mbaya."

"Eti mbaya?" Bi Mkasi alimgeukia. "Habari za nyumbani mbaya, na mimi nimo humo humo?"

Ilibidi waanze upya. Walipomaliza, Fundi aliweza kusema "mbaya" bila kutetemeka, na mkewe aliweza kumsikia bila kumtukana. Ikabaki nguo.

"Usiwe na shaka," alisema Fundi akijiinua. "Umetaka nionekane nimechakaa. Kesho utaniona."

Alisema hivyo kwa macho ya mtu aliyeletewa kazi na mteja wa heshima. Hapo ndipo Dada Msamaha angepaswa kushtuka. Lakini nje kulikuwa na foleni, naye akaita mwingine.

Alhamisi ikafika. Kamati Tukufu ikanywa chai yake, ikafuta midomo, ikaketi. Dada Msamaha alisimama pembeni na faili, kama kiranja anayewapeleka wenzake kwa mwalimu mkuu. Mlango ukafunguliwa, Fundi akaingia kwa kuchechemea, mkewe nyuma yake, na moyo wa Dada Msamaha ukaingia kwenye soli.

Suruali ilikuwa na viraka. Shati lilikuwa na viraka. Lakini viraka gani! Kila kimoja kilikuwa na kona nne zilizokaa sawa kama kitanda cha ukaguzi. Kingo zilikunjwa kwa ndani. Mshono ulikwenda mdogo mdogo, sawasawa, bila kuruka. Kiraka cha goti kilikuwa cha kahawia iliyokoza kidogo, na cha kiwiko kilichukua kahawia ileile, ili macho yakitoka gotini yapate pa kupumzika. Katika historia ya ufukara hapajapata kutokea fukara aliyependeza namna ile.

"Karibu mzee," alisema Katibu. "Habari za nyumbani?"

"Mbaya, mheshimiwa," alijibu Fundi kwa sauti safi. "Mbaya sana."

Katibu aliinua kichwa. Kwa miaka yote hakuwahi kujibiwa hivyo na mtu mwenye mvi. "Kimsingi nimeguswa," alisema. Dada Msamaha akaeleza haraka haraka: kidonda, mshipa, cherehani, chumba kimoja. Katibu akaitika kwa kichwa. Mhasibu akageuza karatasi. Mguu ulikuwa umebakiza saini tu uokoke.

Ndipo Metroni akainama mbele.

"Baba, hicho kiraka cha gotini nani amekushonea?"

Dada Msamaha alimwomba Mungu mzee aseme ni jirani, ni marehemu mama yake, ni mtu yeyote. Lakini yapo maswali ambayo fundi hawezi kuyapisha, kama vile jogoo hawezi kuipisha alfajiri.

"Mimi mwenyewe, mama," alisema Fundi, akausogeza mguu mbovu mbele ili aonyeshe vizuri. "Tazama mistari ya kitambaa ilivyokutana. Wengi wanabandika juu tu, kama stempu."

"Haki, sijawahi kuona! Na uzi umeupata wapi unaofanana hivi?"

"Nimeuchomoa kwenye pindo la suruali yenyewe, rangi zisigombane."

Mhasibu akaweka kalamu chini polepole. "Mzee, hiyo suruali ilichanikia wapi?"

Fundi aliitazama suruali. Alikuwa amefundishwa uongo wa neno moja, na alikuwa ameshautumia.

"Haikuchanika," alisema. "Niliikata."

"Uliikata ikiwa nzima?"

"Kwa mkasi mkali, mheshimiwa. Huwezi kutia kiraka safi juu ya mpasuko wa ovyo."

"Kimsingi..." alisema Katibu, na kwa mara ya kwanza maishani sentensi ikamfia mdomoni.

"Nani alikwambia uje hivi?" Mhasibu aliuliza. Hakumtazama Fundi. Alimtazama Dada Msamaha.

Bi Mkasi naye akamgeukia Dada Msamaha, akamkazia macho, bila tusi wala ishara. Dada Msamaha alilijua la kusema. Lilikuwa fupi: ni mimi niliyemwambia, na yote niliyoeleza kuhusu umaskini wake ni kweli, nimefika kwake nikaona. Alijua vilevile kitakachofuata: angefukuzwa kabla vikombe havijaoshwa, na Jumatano ijayo wagonjwa wangekuta mlango umefungwa. Alifikiria yule mama mwenye pacha, yule kijana wa figo, na foleni nzima ya nje. Hoja ilikuwa nzuri sana. Hoja za kunyamaza huwa nzuri sana. Alipokuwa bado anaipima, Fundi akajibu.

"Nilijiambia mwenyewe, mheshimiwa. Ujinga wa uzee."

Dada Msamaha akashusha pumzi. Alijisikia akiishusha.

Kamati haikuchukua muda. Udanganyifu ni udanganyifu, alisema Mhasibu, na mwenye udanganyifu harudi mbele ya Kamati mpaka mwaka uishe. Katibu alisema kimsingi inasikitisha. Metroni alisema jambo la kufariji.

"Fundi mwenye mkono kama huu hawezi kukosa pesa, baba. Mimi mwenyewe nina kitambaa changu cha gauni. Duka lako liko wapi?"

Na Fundi, kwa kuwa alikuwa ameulizwa vizuri, akamwelekeza.

Kwenye korido Dada Msamaha aliwafuata mbio. "Mama..."

"Nilikutazama," alisema Bi Mkasi.

"Najua, mama."

"Nilikutazama sana."

"Mwache mwenzio," alisema Fundi, akitafuta ukuta wa kuegemea. "Akifukuzwa, nani atakaa chumba kile? Watarudisha mfagio."

"Mfagio angalau unafagia," alisema Bi Mkasi, akamshika mumewe mkono, wakashuka ngazi taratibu, yeye chini, mumewe juu yake, kama watu wanaoshusha kabati.

Tusimwonee Dada Msamaha: alihangaika. Alimfuata daktari wa upasuaji, naye akasema mikono yake iko tayari ila mlango wa chumba cha upasuaji unafunguliwa na Mhasibu. Alizungukia watu wenye nafasi, wakampa pole kwa ukarimu. Alikwenda hadi mlango wa Katibu ili aungame. Mara ya kwanza Katibu alikuwa kikaoni. Mara ya pili alikuwa safarini. Mara ya tatu alimkuta, amekaa, hana kazi.

"Aa, Dada Msamaha. Habari za kazi?"

"Nzuri," alijibu Dada Msamaha, akarudi chumbani kwake.

Majuma yakapita. Alhamisi moja Metroni alipita kwenye korido ndani ya gauni jipya la buluu, lililomkaa kama aliyezaliwa nalo. Wauguzi wakampisha njia. Alizunguka mara moja, pindo likafunguka likarudi mahali pake.

"Umeona?" alimwambia Dada Msamaha. "Yule fundi ana mkono!"

"Na mguu?"

"Mguu gani?" aliuliza Metroni, akajitazama chini, akidhani kuna uzi umening'inia.

Gauni lile, lenye marinda yote yale, lilikanyagwa mshono kwa mshono na mguu wenye kidonda. Fundi hakukosa tarehe aliyoahidi.

Halafu walimleta, asubuhi, juu ya kitanda cha magurudumu. Homa ilikuwa imempanda, na mguu, kuanzia vidole hadi juu ya kifundo, ulikuwa umekuwa mweusi. Daktari aliufunua, akaufunika. Hapa hakuna tena habari ya kuzibua, alisema. Unakatwa leo, chini ya goti, au mzee anakwenda nao mzima kaburini.

Katibu aliitwa. Alifika akihema, akasikiliza, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeulizwa swali alilolisoma usiku.

"Hii kimsingi ni dharura," alitangaza. "Upasuaji wa kuokoa maisha hauna malipo. Mwenye bima, asiye na bima, wote sawa. Mnaona? Hospitali yetu haimwachi mtu." Akampiga Dada Msamaha begani. "Kampe mzee habari njema. Uchukue na ridhaa yake."

Ndivyo ilivyokuwa. Kuuokoa mguu kulilipiwa. Kuukata kulikuwa bure. Dada Msamaha alikuwa ameijua kanuni hiyo kwa miaka, aliwahi hata kuieleza kwa wageni kama jambo la kujivunia. Leo aliibeba mpaka wodini, pamoja na karatasi ya ridhaa na kalamu.

Fundi alikuwa macho. Bi Mkasi alikaa pembeni yake na mfuko mapajani, akimpepea kwa ncha ya kitenge.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Habari za kazi?"

Safari hii Dada Msamaha hakusema nzuri. Alieleza alichotumwa. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, kama anayesikiliza vipimo.

"Bure kabisa?"

"Bure, mzee."

"Na dawa ya usingizi? Na kitanda?"

"Vyote bure."

Fundi aliitazama shuka iliyofunika mguu. "Kumbe siku ile mguu ulikuwa haujaiva."

"Mzee," alisema Dada Msamaha. "Siku ile mbele ya Kamati. Ningesema ni mimi."

Alingoja. Watu wazima wana maneno yao ya hapo: yameshapita, mwanangu, ni mipango ya Mungu, usijilaumu. Fundi alikuwa mtu wa adabu, na maneno hayo aliyajua yote.

"Ndiyo," alisema Fundi. "Ungesema."

Akaomba kalamu. Alitia saini polepole, herufi zikalala upande mmoja, akairudisha karatasi bila kuikunja.

"Na magongo?" aliuliza Bi Mkasi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kufungua mdomo siku hiyo. "Akiamka atatembelea nini? Nayo ni bure?"

"Magongo si dharura, mama." Dada Msamaha aliongea akiitazama karatasi. "Magongo yanapitia kwenye Kamati. Alhamisi. Na kwa kuwa yeye alishazuiwa, mpaka mwaka uishe."

Alikuja muuguzi na mwenzake, wakafungua breki ya kitanda, wakamsukuma Fundi kuelekea kwenye milango ya mwisho wa korido. Fundi aliinua mkono kidogo, kama mtu anayemwambia mteja asubiri. Milango ikajifunga.

Ndipo Bi Mkasi akafungua mfuko wake. Alikuwa ameleta viatu vya mumewe, vyeusi, vya kamba, vilivyong'arishwa, ili avae siku ya kutoka hospitali. Aliviweka mapajani, akavitazama, akakirudisha cha kulia mfukoni. Cha kushoto akamnyooshea Dada Msamaha.

"Kipeleke kwa Kamati," alisema. "Waambie hakina kiraka."

Dada Msamaha alikipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu kitu kutoka kwa mkubwa wake, akasimama nacho katikati ya wodi, na hakupata pa kukiweka.